Ohene Djan: Mkurugenzi wa michezo aliyeipandisha Ghana, na funzo alilotuachia Kenya

Kila mara waziri wa michezo anapovutana na viongozi wa mpira hapa Kenya, swali huwa ni lilelile. Michezo ni ya nani? Ni ya serikali inayotoa pesa na kujenga viwanja, au ni ya mashirikisho yanayoendesha ligi na kuandikisha wachezaji? Kila upande huwa na majibu yake, na anayeumia katikati ni kijana aliyevaa jezi.

Swali hili halikuanzia kwetu. Zaidi ya miaka 60 iliyopita taifa la Ghana lililikabili moja kwa moja, likaamua kwamba michezo yote ya nchi iwe chini ya chombo kimoja cha serikali, na chombo hicho kiwe chini ya mtu mmoja. Mtu huyo aliitwa Ohene Djan. Vijana wetu wengi wanaoijua Black Stars ya Ghana kwa majina ya Abedi Pele, Essien na Asamoah Gyan hawajapata kulisikia jina lake. Lakini wote hao walipita katika njia iliyofyekwa na yeye.

Ohene Djan alizaliwa mwaka 1924, wakati Ghana ikiitwa Gold Coast na ikitawaliwa na Waingereza. Kabla ya kuwa mtu wa michezo alikuwa mwanasiasa. Mwaka 1951, ulipofanyika uchaguzi uliofungua mlango wa utawala wa Waafrika, aliingia katika Bunge kwa tiketi ya CPP, chama cha Kwame Nkrumah. Alikuwa kijana wa miaka 26 tu. Humo ndimo alimojifunza mambo mawili yaliyomfuata maisha yake yote: namna ya kupanga watu, na thamani ya kuwa karibu na mwenye nchi.

Ghana ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957. Bendera ilipandishwa, lakini mpira wa miguu ulikuwa umegawanyika. Klabu za Accra zilikuwa na yake na klabu za Kumasi, katika eneo la Ashanti, zilikuwa na yake. Hearts of Oak ya Accra na Kotoko ya Kumasi hazikuwa timu tu, zilikuwa fahari ya miji yao. Ligi ilijaribiwa mwaka 1956 ikashindwa kusimama sawasawa kwa sababu ya ugomvi huo. Klabu zisizoridhika na uongozi wa zamani wa chama cha mpira zilitafuta mtu wa kuzisemea, zikampata Djan. Mwaka huo wa uhuru uongozi wa zamani uling'oka, na yeye akashika usukani wa chama kipya cha mpira cha Ghana akiwa katibu wake.

Hakulala. Mwaka 1958 Ghana ilikuwa mwanachama wa FIFA. Ligi ya taifa ilianza upya mwaka huohuo, safari hii ikiwa na klabu za pande zote, na kombe la chama likaanzishwa. Akaletwa kocha kutoka Uingereza, George Ainsley, kisha wakafuata makocha wa mataifa mengine ya Ulaya. Djan aliamini kwamba kipaji bila mpango ni sawa na chombo bila nanga: kitaelea, lakini mkondo ndio utakaoamua kiende wapi.

Ghana ilipokuwa jamhuri mwaka 1960, Nkrumah alitaka zaidi ya ligi nzuri. Kwake yeye michezo ilikuwa silaha ya kuujulisha ulimwengu kwamba Mwafrika si mtu wa nyuma, na kamba ya kuyafunga pamoja mataifa ya Afrika yaliyokuwa yakipata uhuru moja baada ya jingine. Hata jina la Black Stars lina asili hiyo, kwani nyota nyeusi ilitokana na kampuni ya meli ya Marcus Garvey, mpigania haki wa Jamaika. Basi ikaundwa taasisi ya serikali iliyoitwa Central Organisation of Sports, yaani Shirika Kuu la Michezo, na Ohene Djan akawa Mkurugenzi wa Michezo wa nchi nzima.

Hapo ndipo ukubwa wa kazi yake ulipo, na ndipo penye mjadala hadi leo. Kabla ya hapo kila mchezo ulikuwa na chama chake cha watu waliojitolea, chenye pesa chache na mabishano mengi. Sasa ngumi, riadha, mpira na michezo mingineyo yote ilitazama ofisi moja. Ofisi hiyo ndiyo iliyogawa pesa za serikali, iliyoajiri makocha, iliyopanga safari za ng'ambo na iliyoamua nani aongoze nini. Bajeti haikungoja wafadhili. Timu ikitakiwa kwenda Ulaya kufanya mazoezi, ilikwenda.

Matunda yalionekana upesi. Katika Olimpiki za Roma mwaka 1960, bondia Clement Quartey wa Ghana alipata medali ya fedha. Dunia inamkumbuka zaidi Abebe Bikila wa Ethiopia aliyeshinda mbio za marathoni bila viatu katika michezo hiyohiyo, lakini Quartey ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kuvishwa medali ya Olimpiki, siku chache kabla ya Bikila.

Katika mpira mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 1962 Real Madrid, timu iliyokuwa imetwaa Kombe la Ulaya mara 5 mfululizo kuanzia 1956 hadi 1960, ilikwenda Accra kucheza na Black Stars. Waliondoka na sare ya mabao 3 kwa 3. Mwaka 1963 Ghana iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika na kulichukua kwa kuifunga Sudan mabao 3 kwa 0 katika fainali. Mwaka 1964 ilifika robo fainali ya Olimpiki za Tokyo. Mwaka 1965 ilikwenda Tunis ikalichukua tena Kombe la Afrika mbele ya wenyeji, mabao 3 kwa 2 baada ya muda wa ziada.

Aliyekuwa kocha katika makombe hayo mawili ni C. K. Gyamfi, mwana wa Ghana mwenyewe, ambaye alikuwa amecheza Ujerumani katika klabu ya Fortuna Düsseldorf na kujifunza ukocha hukohuko. Wakati ambapo mataifa mengi ya Afrika yaliamini kocha ni lazima awe Mzungu, Ghana ilimsomesha wa kwake kisha ikamwamini. Gyamfi alilichukua kombe hilo mara ya tatu mwaka 1982. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba pesa ya serikali ikitumiwa kumfundisha mtu, faida yake haiishi mwaka mmoja.

Sisi Wakenya tuliionja nguvu hiyo mapema. Tarehe 12 Disemba 1965, siku ya Jamhuri, nchi yetu ikiwa na miaka miwili tangu uhuru, Ghana ilikuja Nairobi ikiwa bingwa wa Afrika, majuma machache baada ya fainali ya Tunis. Wageni walitufunga mabao 13. Hadi leo hicho ndicho kipigo kikubwa zaidi katika historia ya timu yetu ya taifa. Na si kwamba Kenya haikuwa na wachezaji. Mwaka huohuo Feisal ya hapa Mombasa ilikuwa bingwa wa ligi ya taifa, na wazee wa mji huu wakianza kuwataja mafundi wa enzi ile hawamalizi. Vipaji vilikuwepo. Ambacho hakikuwepo ni chombo kama kile alichokijenga Djan: mazoezi ya mwaka mzima, makocha waliosomea kazi, safari za kupimana nguvu na timu kubwa, na mtu mmoja aliyeamka kila siku akijua hiyo ndiyo kazi yake.

Djan hakuishia ndani ya mipaka ya Ghana. Alikuwa mjumbe wa Kamati Kuu ya FIFA, na huko alikutana na dharau iliyomfanya aingie katika historia ya dunia. Kombe la Dunia la 1966 lilipangwa kuchezwa Uingereza na timu 16. FIFA iliamua kwamba Ulaya ipate nafasi 10, Amerika Kusini 4, na ukanda wa Amerika ya Kaskazini na Kati nafasi 1. Nafasi moja iliyobaki ndiyo walioachiwa Afrika, Asia na Oceania wagombanie. Bingwa wa Afrika, baada ya kupigana bara zima, ilikuwa bado akacheze na mshindi wa Asia ndipo apate kuingia. Juu ya hayo, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imefunguliwa mlango tena na FIFA mwaka 1963, chini ya rais wake Mwingereza Stanley Rous.

Djan aliandika telegramu kwa FIFA kuupinga mpango huo, akisema kwamba haukuwa wa haki na kwamba Afrika kwa uchache ilistahili mwakilishi wake mmoja. Hakusikilizwa. Yeye pamoja na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia waliongoza vita hivyo ndani ya Shirikisho la Mpira la Afrika, na mwaka 1964 mataifa ya Afrika yaliyokuwa yamejiandikisha yakajitoa yote. FIFA ikawatoza faini. Hawakurudi nyuma. Ghana, iliyokuwa na timu bora kabisa barani na yenye uwezo wa kufika mbali, ilikubali kukaa nyumbani.

Kombe lile likachezwa bila Afrika. Mfungaji bora alikuwa Eusébio, kijana wa Msumbiji, mtu wa bahari hii hii ya Hindi tunayoogelea sisi, lakini mabao yake 9 aliyafungia Ureno iliyokuwa ikiitawala nchi yake. Hata hivyo mgomo ulizaa. Afrika Kusini ilisimamishwa tena mwaka 1964, na baadaye ikafukuzwa kabisa hadi ubaguzi ulipokwisha. Kwa Kombe la Dunia la 1970 Afrika ilipewa nafasi yake kamili, Morocco wakaenda Mexico. Leo tunapozungumzia nafasi 9 za moja kwa moja za Afrika katika Kombe la 2026, tukumbuke kwamba zilianza na wanaume waliokubali kupoteza kombe ili wasipoteze heshima.

Hayo ni mazuri yake, na ni mengi. Lakini historia ya mtu haisimuliwi kwa upande mmoja kama mzigo wa punda uliolalia ubavuni. Lazima usawazishwe.

Mwaka 1961 iliundwa klabu iliyoitwa Real Republikans. Haikuwa ya mtaa wala ya mji. Ilikuwa klabu ya Rais, na wachezaji wake walipatikana kwa kuchukua walio bora kutoka kila klabu ya ligi. Nia ilikuwa kuwaweka pamoja wachezaji wa timu ya taifa wapate kuzoeana. Ukiitazama kutoka ofisi ya Djan, ilikuwa akili nzuri. Ukiitazama kutoka Kumasi, ilikuwa unyang'anyi. Klabu zilizolea vijana kwa jasho la wanachama ziliamka zikakuta nyota wao wamekwenda, na aliyewachukua hakuwa mtu wa kushtakiwa popote, kwa sababu aliyewachukua ndiye aliyekuwa akisimamia ligi. Kotoko walilalamika sana. Real Republikans, kama ilivyotarajiwa, walichukua ubingwa wa ligi na kombe la chama likawa kama lao, mwaka baada ya mwaka kuanzia 1962 hadi 1965.

Kuna na machozi katika habari ya klabu hiyo. Mmoja wa wachezaji wake alikuwa Baba Yara, winga Muislamu wa Kumasi ambaye wengi walimhesabu kuwa fundi kuliko wote nchini. Mwezi Machi 1963, wakirudi kutoka mechi katika mkoa wa Volta, basi la timu lilipata ajali. Baba Yara alivunjika uti wa mgongo, akapooza. Serikali ilimpeleka Uingereza kutibiwa lakini hakutembea tena. Miezi michache baadaye wenzake waliinua Kombe la Afrika bila yeye. Alifariki mwaka 1969, na uwanja mkubwa wa Kumasi leo una jina lake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Habari yake inatukumbusha kwamba nyuma ya kila sera ya michezo kuna mwili wa kijana wa watu, na mwili huo ukivunjika hauna akiba ya pili.

Kisha mwisho ukaja kwa ghafla. Tarehe 24 Februari 1966, Nkrumah akiwa safarini Asia, jeshi na polisi walipindua serikali. Wahenga wetu walisema mpanda ngazi hushuka, lakini wengine hawashuki, ngazi huondolewa chini ya miguu yao. Djan alikuwa mtu wa Nkrumah na kila mtu alilijua hilo. Cheo chake kilikwenda na serikali iliyompa. Shirika Kuu la Michezo likavunjwa na mahali pake pakaingia baraza jipya. Real Republikans ikafutwa na wachezaji wake wakarudi walikotoka.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wangu asimame kidogo. Djan alijenga jengo kubwa, lakini alilijenga juu ya nguzo moja tu. Nguzo hiyo ilikuwa mapenzi ya Rais kwa michezo. Nguzo ilipoanguka, hapakuwa na sheria iliyozama katika nchi, wala vyama vilivyozoea kusimama kwa miguu yao, wala klabu zilizolitamani shirika lile libaki. Ghana iliendelea kufika fainali za Afrika, mwaka 1968 na 1970, kwa nguvu ya wachezaji walioandaliwa enzi zake, lakini zote mbili ilishindwa. Kombe halikurudi hadi 1978. Chombo chenyewe cha michezo kimebadilishwa sura mara kadhaa: kikawa Baraza la Michezo la Taifa, likapewa sheria mpya mwaka 1976, kisha mwaka 2016 Bunge la Ghana likapitisha sheria nyingine iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Michezo iliyopo sasa.

Ohene Djan mwenyewe aliishi miaka 21 baada ya mapinduzi yale, akafariki mwaka 1987. Mwaka 2004 serikali iliupa uwanja mkuu wa Accra jina lake. Hata hilo halikupita salama. Baadhi ya wenyeji wa Accra walilalamika kwamba jina la mji wao limefutwa bila wao kuulizwa, na baada ya miaka ya mvutano uwanja ukarudi kuitwa Accra Sports Stadium. Ni uwanja huohuo ambamo mwezi Mei 2001 watu zaidi ya 120 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa katika mechi ya Hearts na Kotoko, baada ya polisi kurusha gesi ya machozi huku milango ikiwa imefungwa. Miaka 35 baada ya Djan kuondoka, chombo cha serikali cha michezo kilikuwepo, majengo yalikuwepo, lakini mashabiki hawakulindwa.

Sasa turudi kwetu. Kenya ilitunga Sheria ya Michezo mwaka 2013. Kwa sheria hiyo tukapata Sports Kenya, chuo cha michezo, msajili wa vyama vya michezo na mahakama ya kuamua migogoro yake. Tanzania, majirani zetu, walikuwa na Baraza la Michezo la Taifa tangu 1967. Kwenye karatasi hatujapungukiwa. Lakini mwezi Novemba 2021 serikali ilipouvunja uongozi wa shirikisho la mpira kwa tuhuma za matumizi mabaya ya pesa, FIFA ilitufungia mwezi Februari 2022, na timu zetu zikakaa nje ya mashindano hadi Novemba mwaka huo. Wasichana na wavulana waliokuwa katika kilele cha umri wao wa kucheza walipoteza mwaka ambao hakuna wa kuwarudishia.

Djan angekuwapo leo nadhani angetuambia kuwa serikali ina haki ya kuuliza pesa yake imekwenda wapi. Hilo ni kweli. Lakini maisha yake yenyewe yanatuambia jambo la pili, ambalo pengine yeye hakuliona: kwamba anayegawa pesa, anayepanga ligi, anayemiliki timu na anayeamua kesi hawezi kuwa mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Uhodari wake utazaa makombe, na siku akiondoka ataondoka nayo.

Kwa sisi wa Pwani funzo hili lina uzito wake. Katiba ya 2010 iliweka viwanja na shughuli za michezo mikononi mwa kaunti, lakini ni mara ngapi tumeona mradi wa uwanja ukianza na gavana mmoja na kulala anapokuja mwingine? Ni nguzo ileile moja ya Djan, ila sisi tunaijenga bila kombe. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja Kombe la Afrika la 2027, na macho yote yamekwenda Nairobi. Tuulize pia kocha wa watoto wa Likoni amesomeshwa na nani, kijana wa Malindi akivunjika mguu analipiwa na bima gani, na hesabu za chama cha mpira cha kaunti zinasomwa wapi na nani.

Uongozi ni amana. Ohene Djan aliibeba ya kwake kwa bidii ambayo hata adui zake hawawezi kuikana, na kwa kugomea Kombe la 1966 aliliachia bara zima urithi. Alichokosa ni kumkabidhi mwingine amana hiyo kabla ya kunyang'anywa. Viongozi wetu wa michezo, wa serikali na wa mashirikisho, bado wana nafasi ya kufanya hivyo.